Nataka kufundisha saikolojia sekondari, ila takwimu zinanitoa jasho

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Nipo mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma shahada ya kwanza ya saikolojia. Nilipojiunga sikuwa na mpango wowote, jina la kozi tu lilinivutia. Muhula uliopita niliombwa kuwasaidia vijana watano wa sekondari waliokuwa wanajiandaa na mtihani wa saikolojia. Siku ya tatu nilikuwa nawaeleza jinsi pua inavyozoea harufu ya mahali mpaka mtu haisikii tena. Binti mmoja akanyanyua kichwa: "Kumbe ndiyo maana nyumba za watu zina harufu na ya kwetu haina!" Ile sura yake sijaisahau. Tangu siku hiyo nataka kuwa mwalimu wa saikolojia, sina haja na kingine.

Sasa shida zangu. Takwimu nilifaulu kwa kuburuzwa, nikavuka mstari kwa alama moja. Mwakani kuna kozi ya pili ya Mbinu za Utafiti ambayo kwangu si ya lazima, na nikiiacha nitapata nafasi ya kusoma kozi nyingine juu ya magonjwa ya akili, eneo ninalolipenda kupita yote. Mwalimu wa sekondari hesabu zote hizo ni za nini?

Halafu sijui nibaki kitivo hiki au nihamie elimu. Mshauri wangu wa masomo anasema, "Maliza shahada kwanza, mengine yatajipa." Wenzangu wananicheka kwamba mwalimu wa saikolojia ni mwanasaikolojia aliyeishiwa pumzi njiani.

Kuna hili pia. Wale vijana walianza kuniletea mambo yao ya nyumbani. Mmoja alinieleza jambo zito, nikababaika, nikamwambia "usijali, yatapita." Mpaka leo silali vizuri nikilikumbuka. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi?

Na mimi ni mwoga wa kusimama mbele za watu. Hili nimeliweka mwisho kwa makusudi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU

Marahaba mwanangu,

Naanza na "mengine yatajipa", kwa sababu hayajipi. Nina ushahidi wa mwili wangu mwenyewe.

Nilimaliza shahada yangu ya saikolojia nikiwa na alama za kujivunia, nikaenda kwenye usaili wa kwanza kifua mbele. Mkuu wa shule akasoma cheti changu, akakigeuza nyuma kana kwamba kuna kitu kimeandikwa huko, akaniuliza, "Na somo la pili?" Sikuwa nalo. Akanieleza kwa upole kabisa kwamba pale shuleni saikolojia ina vipindi sita kwa wiki, na akataka kujua saa zilizobaki nitakuwa nafanya nini. Nilirudi darasani kama mwanafunzi kwa miaka miwili zaidi, nikisoma mambo ambayo ningeweza kuyapanga vizuri tu nikiwa mwaka wa pili, mahali ulipo wewe leo. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia jambo hili. Wao hawakuwahi kufundisha sekondari, wangelijuaje?

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe nibaki au nihame. Liwe hili: mahali ninapotaka kufundisha, nani anatoa leseni ya ualimu, na anaitoa kwa somo gani? Hukuniambia unataka kufundisha nchi gani, na utaratibu hautofautiani kidogo, unatofautiana sana. Marekani kila jimbo lina leseni yake, na katika majimbo mengi saikolojia imewekwa ndani ya kapu la masomo ya jamii, pamoja na historia, uraia, jiografia na uchumi. Mtu anahitimu saikolojia tupu halafu anagundua anadaiwa kozi za historia asizowahi kuzigusa. England mambo ni mengine. Huko saikolojia ni somo kubwa la A-level, mtihani wa kumaliza sekondari ya juu, na njia iliyozoeleka ni kumaliza shahada kwanza kisha kufanya mafunzo ya ualimu ya mwaka mmoja, yale wanayoyaita PGCE. Lakini hata huko watakuuliza ufaulu wako wa hisabati na Kiingereza wa GCSE, mtihani wanaoufanya huko wakiwa na miaka kumi na sita hivi, na watapima ni kiasi gani cha shahada yako ni saikolojia kweli. Zipo pia shule zinazofuata mtaala wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate), ambao una saikolojia, na kila shule ina masharti yake. Na zipo nchi ambazo saikolojia si somo la sekondari kabisa. Mwalimu wa huko huisomea ili afundishe somo lingine vizuri zaidi.

Tafuta waraka wa mamlaka inayotoa leseni mahali unapopataka. Uchapishe. Kaa nao na orodha ya kozi zako, weka tiki moja moja. Kazi ya jioni moja hiyo, na ndiyo itakayokujibu kama kuna haja ya kuhama kitivo. Ikiwa huko wanapokea mwenye shahada ya somo na kumpa mafunzo ya ualimu baadaye, baki ulipo. Ikiwa wanataka ualimu usomwe sambamba na somo, nenda kamuone mkuu wa kitivo cha elimu kabla muhula haujaisha, maana mwaka wa tatu kuhama ni mateso.

Somo la pili usilichague kwa sababu lina kozi chache. Utalifundisha miaka mingi, tena pengine vipindi vingi kuliko saikolojia yenyewe. Biolojia inashikana nayo vizuri kwenye ubongo na neva. Historia inafaa pale leseni inapodai masomo ya jamii. Na hisabati... najua umetabasamu kwa uchungu.

Sasa hizo takwimu. Umeniuliza ni za nini, nami nitakujibu kwa kukuingiza darasani.

Siku ya kwanza ya mada ya kumbukumbu, sifungui kitabu. Nawaambia waweke kalamu chini wasikilize, kisha nasoma polepole: kitanda, mto, shuka, ndoto, usiku, miayo, uchovu, godoro, kukoroma, blanketi, kusinzia, kuamka. Nawapa hesabu rahisi ya kuwasahaulisha kidogo, halafu nasema, andikeni mnayoyakumbuka. Baada ya hapo nauliza, "Nani ameandika 'usingizi'?" Mikono inainuka, mingine kwa kujiamini kabisa. Wapo wanaokumbuka mpaka sauti yangu nikilitamka. Rudi juu usome tena, neno hilo sijalitaja. Zoezi hili si langu. Limetokana na kazi ya mwanasaikolojia Deese ya mwaka 1959, ambayo Roediger na McDermott waliifufua mwaka 1995.

Darasa likishanyamaza, huwa hakosekani mmoja wa kuuliza: "Sasa shahidi mahakamani tumwamini vipi?" Hapo ndipo naleta utafiti wa Loftus na Palmer wa mwaka 1974. Wanafunzi 150 walionyeshwa filamu ya ajali ya magari. Hamsini wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana", hamsini "yalipogongana", hamsini wa mwisho hawakuulizwa kasi. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa: uliona vioo vilivyovunjika? Vioo havikuwepo. Waliosema waliviona ni 16 katika kundi la "kupondana", 7 katika la "kugongana", na 6 kati ya wale ambao hawakuulizwa kasi.

Sasa sikiliza. Kijana wa kiti cha nyuma, yule ambaye hujawahi kumsikia, atanyoosha mkono: "Mwalimu, 16 na 7 si tofauti ya watu tisa tu? Haiwezi kuwa bahati?" Ni swali zuri kuliko yote utakayoulizwa mwaka mzima. Mwalimu aliyezikimbia takwimu atamjibu, "Wataalamu wamethibitisha," na tangu hapo somo limegeuka kuwa visa vya kukariri. Mwalimu anayezijua atachukua chaki aonyeshe: kama neno halina athari yoyote, wale 23 waliosema ndiyo katika makundi haya mawili wangegawanyika vipi? Kumi na moja huku, kumi na wawili kule, zaidi au pungufu kidogo. Kupata 16 kwa 7 kwa bahati tupu kunawezekana, lakini ni mara chache. Na atawaeleza kwa nini watafiti waliwagawa watu kwenye makundi bila kuchagua, maana wangewaacha wajichagulie, tungejuaje kama ni neno lililofanya kazi au aina ya watu?

Umeona? Hapo hukukokotoa kanuni hata moja. Sekondari haitakudai ukokotoe sana, itakudai uelewe kiasi cha kueleza kwa vidole. Na anayeeleza kwa vidole ni yule aliyewahi kukokotoa, akakosea, akarudia. Chukua Mbinu za Utafiti ya pili. Kama kuna kitu kimoja utakachokubali kutoka kwangu katika barua hii, kiwe hiki. Tena wewe uliyeburuzwa una faida juu ya aliyezielewa siku ya kwanza: unajua mahali penyewe mtu anapopotelea. Andika pembeni ya daftari kila unapokwama na kilichokukwamua. Hiyo itakuwa zana yako ya kufundishia.

Kozi ya pili ya magonjwa ya akili, kama tayari unayo ya kwanza, inaweza kusubiri. Najua ndiyo inayopendwa, hata wanafunzi wako watakuomba muanze nayo. Lakini mwalimu wa sekondari hufundisha nyumba nzima, hachagui chumba. Jumatatu neva, Jumatano kumbukumbu, wiki ijayo makuzi ya mtoto, baadaye watu kwenye makundi, kisha afya ya akili. Mtaala wa saikolojia wa AP wa Marekani (kozi za ngazi ya chuo zinazofundishwa sekondari) uliorekebishwa mwaka 2024 umegawanywa sehemu tano karibu na hivyo hivyo, na mbinu za utafiti zimepenyezwa kote. Shahada inakuruhusu kubobea kwenye kona moja. Wewe fanya kinyume, chukua angalau kozi moja ya kila eneo, hasa ile unayoiogopa. Kama ni ile ya ubongo, karibu kwenye chama.

Kuna jambo lingine ambalo mbinu za utafiti zingeniokoa nalo mapema. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York mwaka 1964 huku majirani 38, kama gazeti lilivyoandika, wakitazama bila yeyote kupiga simu polisi. Nilikisimulia vizuri mno, darasa lilikuwa linashika pumzi. Halafu nikaja kusoma makala ya mwaka 2007 ya watafiti waliozipitia upya nyaraka za kesi. Idadi ile haina ushahidi, wengi hawakuona tukio lote, na jirani mmoja alishuka akampakata marehemu katika dakika zake za mwisho. Niliona aibu. Majaribio ya Darley na Latané ya mwaka 1968 kuhusu watu kusitasita kusaidia wakiwa wengi yamesimama yenyewe, hayakihitaji kile kisa, lakini mimi nilikuwa nauza kisa. Siku hizi nawapa wanafunzi vyote viwili, habari ya gazeti na makala iliyoisahihisha, wapambane navyo. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Kati ya marudio hayo, asilimia 36 tu yalitoa tena matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kuyaita bahati tu. Utafundisha somo ambalo bado linajisahihisha, na kitabu cha kiada hakitakupigia simu kukujulisha kipi kimeanguka.

Nije kwa yule kijana aliyekueleza jambo zito.

Ndiyo, ni sehemu ya kazi, kwa mwalimu wa saikolojia kuliko mwalimu wa hisabati. Ukishataja sonona au wasiwasi ubaoni, kuna mtu darasani anayesikia jina lake. Utamtambua. Kengele imelia, wenzake wametoka, yeye anafunga zipu ya begi kwa dakika tatu. Kisha: "Mwalimu, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?"

Usiahidi. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, kwa huruma. Jibu ninalotumia, na nimelizoea mpaka linatoka lenyewe, ni hili: "Nitakusikiliza. Ila kama ni jambo linaloweza kukudhuru wewe au mtu mwingine, itanibidi nimhusishe anayeweza kusaidia, na nitakuambia kabla sijafanya hivyo." Wachache hunyamaza wakaondoka, na hao nawafuatilia kesho yake. Wengi huendelea. Ukishasikiliza, unampeleka kwa mshauri nasaha wa shule au yeyote ambaye utaratibu wa shule umemtaja, siku hiyo hiyo, na unaandika ulichoambiwa kwa maneno aliyoyatumia.

Shahada ya kwanza ya saikolojia haimfanyi mtu kuwa mtabibu, na cheti cha ualimu hakiongezi hilo. Wewe ni mwalimu anayejua vya kutosha kutambua kwamba hili limenizidi. Ulipomwambia "yatapita" hukutenda dhambi, ulibabaika. Lakini kama unajua anapopatikana, rudi kwake. Mwambie, "Siku ile ulinieleza jambo na sikukujibu vizuri." Muulize hali ikoje na mtafute pamoja mtu mzima wa shuleni kwake. Na kama jambo lenyewe ni la hatari, usisubiri umpate yeye kwanza. Wasiliana leo na waliokuomba uwafundishe. Usingizi wako utarudi kwa njia hiyo, si kwa ushauri wangu.

Wanaokucheka kwamba umeishiwa pumzi, waombe wakueleze uimarishaji hasi kwa dakika mbili bila kuuchanganya na adhabu. Wengi watakwama, na ni wa mwaka wa pili kama wewe. Mfano wake ni huu: gari likiwaka hulia pii, pii, pii mpaka ufunge mkanda, na ukifunga kelele zinakoma. Umeondolewa kero, kwa hiyo kesho utafunga mapema zaidi. Tabia imeongezeka, basi huo ni uimarishaji, si adhabu. Kupata mfano huo ulio mwepesi na usiodanganya ni kazi ya akili, wala si kazi ya waliobaki nyuma.

Uoga wa kusimama hauna maneno mengi. Mimi bado tumbo hunicheza kila muhula unapoanza. Uoga wa kutazamwa hupungua pale macho ya darasa yanapokuwa kwenye kitu ulichowapa wafanye, ndiyo maana naanza na zoezi la maneno na si hotuba. Uliwafundisha watano bila kuzimia, omba kumi. Omba kuwa msaidizi wa semina za mwaka wa kwanza kama chuo chenu kinaruhusu. Omba kukaa nyuma ya darasa la sekondari siku nzima, si kipindi kimoja, uone mwalimu anavyofanana saa nane mchana. Kuna watu huacha ndoto hii siku hiyo, na ni afadhali waiache hapo kuliko kwenye mazoezi ya kufundisha.

Na anza kuandika maandalio ya somo sasa hivi. Kila mada unayosoma chuoni, kabla hujaiacha, jipe ukurasa mmoja: ningemfundisha vipi hili kijana wa miaka kumi na sita kwa dakika arobaini, ningeanza na swali gani, atakosea wapi. Ukurasa huo ndio utakaokufanya ujifunze, maana kulitoa jambo kichwani hulikaza kuliko kulisoma tena. Roediger na Karpicke walilionyesha hilo mwaka 2006, na ni jambo la kwanza ninalowafundisha wanangu wa kidato kabla hata ya mada ya kwanza.

Andalio lako la kwanza nakupangia mimi. Chukua ile orodha ya maneno kumi na mawili, uwasomee wale vijana wako. Kabla hujawaeleza chochote, hesabu waliosema "usingizi". Kisha fikiria: wakiwa wanne kati ya watano, ungeweza kusema nini kwa haki, na nini usingethubutu kusema? Niandikie majibu yako, na uniambie kama binti wa harufu ya nyumba alikuwa miongoni mwa waliolisema.

Mwalimu